Usikate Barabara ya Mpira

Ninyi mnaokuja Jumamosi na baiskeli za kuazima, mikono ikiwawasha kupiga, nipeni masikio kidogo kabla hamjaangusha mtu. Siwacheki. Nami niliwashwa hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, na bado siku niliyoshika fimbo ya polo mara ya kwanza moyo ulinidunda kama wa kijana anayekwenda kuposa.

Mimi nilikuwa mtu wa toleka. Wengi wenu mmekua pikipiki zimeshaujaza mji, kwa hiyo niseme: toleka ni baiskeli yenye mto laini nyuma, abiria anakaa, wewe unakanyaga. Nilikanyaga miaka ishirini na miwili hapa Kisangani. Nilibeba walimu wenye vitabu, bibi harusi na shela yake, mbuzi aliyefungwa kitambaa machoni asiogope magari. Sikuwahi kumwangusha abiria hata mmoja, na jambo hilo nilikuwa nikilisema kila mahali, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Kisha pikipiki zikaja, na abiria wakaanza kutupita bila kututazama. Tulikuwa tukikaa kwenye kona yetu saa nne nzima, tunafuta vumbi kwenye mito ambayo hakuna aliyeikalia. Siku moja nilipata kazi ya kupeleka viti, si watu. Viti sita vya kekele, ule mtambaa wa msituni unaopindika bila kukatika. Nilivifunga nyuma, lakini kamba ilikuwa fupi, basi mkono wa kushoto ulishika usukani na wa kulia ukakumbatia viti, kutoka Mangobo hadi Makiso, mashimo na madimbwi yote ndani yake.

Mwenye viti alikuwa fundi mzee, Tonton Saidi, wa zile familia za zamani za Waislamu wa mji huu. Alikuwa amesimama mlangoni pa karakana yake akiniangalia ninavyokuja. Hakutazama viti vyake. Alitazama mkono wangu.

"Weye, umetoka wapi hivi?"

"Mangobo, tonton."

"Na mukono moja?"

"Ya kushoto iko naongoza. Ya kuume iko nachunga viti yako."

Akacheka, akapiga goti lake bovu. "Alors weye umeshajua nusu ya polo."

"Polo iko nini? Ni dawa?"

Akanikalisha kwenye kimoja cha vile viti, akanieleza. Ujanani alikwenda Kenya kutafuta maisha, akapata kazi ya kutunza farasi wa watu wanaocheza polo. Kuwaosha, kuwalisha, kuwakimbiza asubuhi. Siku mchezaji mmoja alipokosekana, walimpandisha yeye. "Siku ile," aliniambia, "nilisahau jina langu." Alicheza mara nyingi baada ya hapo, mpaka goti likakataa, akarudi nyumbani kutengeneza viti.

Nikamwuliza kwa nini hakuleta farasi Kisangani.

"Mbung'o atamuuma, atakufa. Lakini velo kama hii yako haiumwi na mbung'o. Kabla ya kurudi nimeona wazungu fulani wanacheza polo na velo, juu ya majani. Nilifikiri: kule kwetu velo iko mingi kuliko mbuzi."

Ndivyo ilivyoanza, vijana wangu. Si mkutano wala barua. Mzee mwenye goti bovu alimwona mtu anaendesha kwa mkono mmoja.

Nilidhani atanipa fimbo niingie uwanjani siku ile ile. Wapi! Alichukua baiskeli kuukuu isiyo na magurudumu, akaifunga kwenye magogo mawili nyuma ya karakana, akasema panda. Ulaya na Kenya wanaoanza hupandishwa farasi wa mbao kwanza; yeye alinipandisha baiskeli ya magogo. Siku tisa nilikaa juu ya chombo kisichokwenda, nikipiga mpira wa mti wa kombokombo, ule mti mwepesi unaoota haraka mashamba yakiachwa. Watu walipita njiani wakaniita: "Papa Dido! Unafika saa ngapi?"

Lakini siku zile tisa ndizo zilizonifanya niweze kuwafundisha ninyi. Fimbo haipigwi kwa kifundo cha mkono. Inatoka begani, inashuka kama ndoo inayoning'inia kwenye kamba, uzito wake wenyewe ndio unaopiga. Ukiibana sana, mpira unakwenda kwa jirani. Kanyagio la kulia liwe juu wakati unapiga, la sivyo utajipiga kwenye mguu, na maumivu yake utamsimulia mke wako wiki nzima. Kiti kishushe kiganja kimoja, ili mwili uweze kuinama. Breki zote mbili zihamishie mkono wa kushoto, maana wa kulia hauna nafasi tena ya kazi nyingine. Na upepo wa matairi upunguze kidogo nyasi zikiwa na maji.

Na macho. Tonton Saidi alikuwa na wimbo mmoja tu, alioimba kuanzia asubuhi.

"Macho yako iko wapi?"

"Ku goli, tonton."

"Goli iko na miguu? Itakimbia? Angalia mupira!"

Siku ya kumi akanipeleka uwanjani, ule uwanja wa nyasi kwenye barabara ya Bangboka ambao shule ilituachia Jumamosi. Nilikuja na baiskeli yangu ya kazi, mto wa abiria umeng'olewa, na niliikuta inaruka nyepesi kana kwamba imefunguliwa pingu. Nikakanyaga, upepo ukaingia kwenye shati, mpira uko mbele yangu mweupe juu ya nyasi, nikainua fimbo, nikaona goli... Naam. Nikaona goli. Fimbo ikaingia kwenye spoku za gurudumu la mbele. Baiskeli ilisimama, mimi nikaendelea. Nilitua mbele ya mama mmoja aliyekuwa ameegesha baiskeli yake iliyobeba magunia ya makemba, zile ndizi kubwa za kupika. Alinitazama nikitema nyasi.

"Papa," akasema, "ni weye husema hujaangusha mutu hata siku moja?"

Huyo ndiye Mama Charlotte. Kila asubuhi alitoa makemba kwenye shamba la dada yake ng'ambo ya uwanja wa ndege, akayaleta soko kuu kwa baiskeli, kilo nyingi kuliko nilizowahi kubeba mimi. Aliomba kujaribu. Sote tulitabasamu, wanaume saba wa toleka tuliokuwa tumeshakusanyika. Alipanda, akapiga, na mpira ulipita katikati ya goli ukaenda kupotea kwenye mihogo ya watu. Tuliutafuta mpaka jua likawa kali. Tangu siku hiyo hakuna aliyetabasamu tena Mama Charlotte aliposhika fimbo.

Lo, miezi ile! Nikiifikiria hata sasa miguu inataka kwenda. Kona yetu ya toleka haikuwa tena mahali pa kusubiri. Tulichonga vichwa vya fimbo, tukanyoosha vipande vya kekele kwenye moto viwe mipini, tukabishana nani anageuka haraka zaidi. Abiria akija, tulikuwa tukimpeleka mbio ili turudi kwenye ubishi. Tulikuwa wachezaji wanne kila upande. Mguu ukigusa chini, unatoka, unazunguka goli lako, ndipo unarudi. Hayo tuliyashika haraka. Jambo moja tu lilitushinda, nalo ndilo nililowaitia.

Mpira ukipigwa, unachora barabara. Huioni, lakini ipo, imenyooka kutoka pale ulipopigwa hadi pale unapokwenda. Anayeufuata mpira ndani ya barabara hiyo ndiye mwenye haki. Ukitokea ubavuni, unaweza kwenda sambamba naye, umsukume bega kwa bega, uizuie fimbo yake kwa yako. Kupita mbele yake huruhusiwi. Hata ukiwa na mbio kuliko yeye, hata goli likiwa wazi.

Sasa, sisi watu wa toleka tulikuwa tumekulia katika kukata. Kukata mbele ya lori, kukata mbele ya pikipiki, kumwahi abiria mbele ya mwenzako. Ndio ulikuwa ujuzi wetu. Tonton Saidi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka: "Barabara! Barabara ya mupira!" Tukaitikia ndiyo tonton, tukakata tena. Mimi zaidi ya wote, maana nilijiona mwanafunzi wake wa kwanza.

Jumamosi moja Mama Charlotte alikuwa timu ya pili. Alipiga mpira mrefu, akaufuata, amenyooka kama uzi, akikanyaga kwa nguvu zake zote. Nilikuwa kando. Nilihesabu kichwani kwamba nitapita. Kwa lori ningepita. Gurudumu lake la mbele likagonga langu la nyuma, akaenda hewani, akatua kwa bega. Nilisikia sauti. Sitawaeleza ile sauti.

Muuguzi wa zahanati alisema ni mfupa wa mtulinga, umevunjika, mkono ufungwe wiki sita, hakuna baiskeli. Mama Charlotte hakulia. Alikaa kwenye benchi, uso wa majivu, akaniuliza: "Papa Dido, na makemba ya kesho?"

Ana watoto wanne, mume wake alikuwa amekwenda Bafwasende kutafuta dhahabu na habari zake zilikuwa chache. Nyumbani nilitundika fimbo ukutani, nikamwambia mke wangu mchezo umekwisha. Asubuhi iliyofuata, kabla kina mama hawajafungua meza zao, nilikuwa shambani kwa dada yake na baiskeli yangu.

Wiki sita nilibeba makemba yale. Ndipo nilipojua kwamba miaka yangu ishirini na miwili ya kujisifu ilikuwa kazi nyepesi. Abiria anajishikilia mwenyewe, makemba hayakusaidii. Siku ya kwanza magunia yaliniangusha mara tatu. Mama Charlotte akanifundisha kwa maneno kuyapanga, zito chini na karibu na kiti, kamba ipite chini ya fremu kabla ya kurudi juu. Nilikuwa mwanafunzi tena, safari hii wa mama mwenye mkono mmoja.

Siku moja sokoni, nikipakua, akaniuliza kwa nini sionekani uwanjani.

"Nimeacha."

"Kwa sababu?"

"Unajua sababu, mama. Iko ku bega yako."

Kisha akachukua kemba moja kubwa akaliweka mezani. "Hii ni mimi." Akachukua jingine, lililopinda. "Hii ni weye." Akaweka limau mbele. "Mupira. Mimi nakuja hivi. Weye unatoka wapi?"

Nikasogeza kemba langu.

"Na ungefanya nini?"

Nikalisogeza sambamba na lake, bega kwa bega.

"Bon! Sasa na ile ingine, mupira ikirudi?" Akageuza limau. Mteja akauliza kama makemba yale yanauzwa. Akajibiwa asubiri, kuna watu wanafanya kazi. Tulicheza mechi nzima juu ya meza ile. Mwisho akanitazama usoni. "Bega yangu itapona. Ukiacha mupira, nimevunjika bure. Vraiment, Papa Dido, usinivunje bure."

Jumamosi ile nilirudi.

Wakati huo habari zilikuwa zimetutangulia kwenye barabara ya kaskazini. Wachukuzi wa mafuta ya mawese kutoka Bengamisa walikuwa wakipita, wanasimama kutuangalia. Kiongozi wao, Papa Alphonse, mtu mrefu mwenye miguu ya chuma, aliomba fimbo moja ya kuiga. Kabla ya mwezi kwisha akarudi na ujumbe: wako watu wanne, wanataka mechi. Mechi ya kweli, watu wa mji mmoja na watu wa mji mwingine! Usiku uliotangulia sikupata usingizi, na mke wangu akalalamika kwamba nakanyaga kitandani.

Walifika wanne, wamekanyaga tangu siku iliyopita, matope hadi kiunoni, wanacheka. Uwanja ulijaa. Wauzaji wa karanga walikuja, wanafunzi walipanda ukutani, na hata waendesha pikipiki walizima injini wakaketi juu ya pikipiki zao kututazama. Ila hapakuwa na refa. Tonton Saidi goti lilikuwa limevimba, hawezi kukimbia pembeni. Akasema: "Mama Charlotte atapuliza."

Papa Alphonse akakunja uso. "Refa ni wa kwenu. Tutashinda namna gani?"

"Ngoja uone," akasema Mama Charlotte, mkono bado ndani ya kitambaa, filimbi mdomoni.

Sijawahi kuishi saa moja kama ile. Watu wa Bengamisa hawakuwa na mitindo, lakini walikuwa na mapaja! Walipokanyaga, ungedhani wanateremka mlima. Walitangulia mbili, tukarudisha moja, wakaongeza, tukafunga mara mbili mfululizo. Tatu kwa tatu. Fimbo ziligongana, nyasi ziliruka, mwenzangu mmoja alitoka kuzunguka goli akasahau kurudi kwa kushangilia. Tonton Saidi alikuwa amesimama juu ya kiti cha kekele, goti na yote.

Dakika zilikuwa zimebaki chache. Papa Alphonse alipiga kutoka katikati, mpira ukagonga gurudumu la mtu, ukarudi nyuma na kupunguza mwendo mbele ya goli lao. Mmoja wao alikuwa akiufuata kuutoa. Mimi nilikuwa kushoto kwake. Nikaona nafasi, nikakanyaga, nikapiga. Macho kwenye mpira, mkono kutoka begani, ule mpigo mtamu ambao hata hausikii kama umegusa kitu. Goli!

Uwanja ulipasuka. Watu waliingia ndani, wakaninyanyua pamoja na baiskeli. Nikiwa hewani nikasikia filimbi. Ndefu. Haikuacha.

Mama Charlotte alikuwa amesimama mahali pale pale nilipopita, mguu wake juu ya nyasi kuonyesha. "Hakuna goli. Dido amekata barabara."

Mkiniona mkali Jumamosi, mngeniona siku ile. Damu ilipanda. Watu wakaanza kumzomea, mmoja akamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama wa watoto. "Weye ni wa upande gani?" wakapiga kelele. Yeye hakurudi nyuma hata hatua moja. Bega moja lilikuwa chini kidogo kuliko jingine.

Nilishuka kutoka mabegani mwa watu. Nilijua. Nilipopita, yule mtu wa Bengamisa alikuwa amefunga breki zote mbili na kugeuza usukani ili asinigonge. Alama ya tairi ilikuwa pale kwenye nyasi. Alikuwa mwanzoni kabisa katika mchezo, ana mwezi mmoja tu, na ndiye aliyekuwa amenichunga mimi.

"Nimekata," nikasema. Hawakusikia. Nikarudia kwa sauti niliyotumia zamani kuita abiria. "Nimekata mimi! Mama amesema kweli. Goli haiko!"

Wakanong'onezana, kisha wakatoka uwanjani polepole, wengine wakinitazama kama mtu aliyetupa chakula. Bengamisa walipewa mpigo wa bure. Papa Alphonse alipiga mwenyewe, mbali, mpira ukadunda mara mbili ukaingia. Nne kwa tatu. Filimbi ya mwisho.

Tulishindwa nyumbani, mbele ya waendesha pikipiki. Nilidhani Tonton Saidi atalia. Alishuka kitini, akachechemea hadi kwangu, akanishika masikio yote mawili na kunitikisa, akicheka. "Sasa!" akasema. "Sasa munacheza polo!"

Papa Alphonse alikwenda moja kwa moja kwa Mama Charlotte. Alivua kofia. Sikusikia yote waliyosema, ila nilimsikia akisema: "Tutarudi. Na refa ni weye."

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya Jumamosi, tulikwenda kuwangoja kwenye daraja la mto Tshopo. Maji yalikuwa mengi, yananguruma. Tulitazamia wanne, pengine watano. Kwanza tulisikia kengele za baiskeli, nyingi, zikilia pamoja kabla hatujaona mtu. Kisha wakatokea kwenye kona, mmoja nyuma ya mwingine, fimbo zimefungwa kwenye fremu, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu. Nikaanza kuwahesabu kwa sauti. Nilipofika tisa nilianza upya, nikidhani nimekosea. Walikuwa kumi na wanne, na mbele kabisa, wakikanyaga bega kwa bega, walikuwa wanawake wawili.

Mama Charlotte, mkono wake ukiwa huru, tayari alikuwa juu ya baiskeli akienda kuwalaki.